Ua la Uzi kwa Jirani

Yumkini wiki hii nawe umepokea kadi. Imeletwa na kijana mwenye adabu, jina lako limeandikwa kwa mwandiko mzuri, na chini yake imetajwa siku ya mwisho ya kukamilisha mchango. Leo ni arusi, kesho ni ubatizo, keshokutwa ni akika, mwisho wa mwezi ni mahafali. Mshahara ni uleule, nayo kodi ya chumba haijui kwamba mwezi huu kuna sherehe. Ndipo mtu anapojikuta amekaa kitandani, kadi i mkononi, akijiuliza: nitakwenda na uso gani?

Jumapili ya leo ukurasa wetu unazungumzia kazi ndogo ya mikono, nayo ni kufuma ua la uzi lililopandwa katika chungu chake, likajazwa sufi hata likasimama lenyewe juu ya meza. Huenda utasema, hayo ni mambo ya watoto. Nakuomba subira, maana kabla sijakueleza namna ya kulifuma, sina budi kukueleza jinsi ua moja la namna hiyo lilivyonifundisha mimi niliyedhani kwamba ninajua.

Katika nyumba tunayoishi sisi wapangaji wa vyumba sita, jirani mmoja alikuwa akimwoza binti yake. Kamati ikaundwa, nami kwa kuwa mwandiko wangu husomeka nikateuliwa kuwa katibu. Kamati ikapanga kiwango cha mchango, nami nikakiandika katika kila kadi, pasipo kufikiri zaidi ya kunyoosha mstari. Kadi moja ikaingia chumba cha mwisho, kwa mke wa mlinzi wa ghala, mama wa watoto wanne.

Baada ya siku chache nikaanza kuona jambo nisilolielewa. Mama huyo, ambaye jioni hakukosa kukaa barazani akichambua mchicha na wenzake, akawa haonekani. Maji aliteka alfajiri kabla ya watu kuamka. Akisikia sauti ya mama mwenye arusi uani, mlango wake ulifungwa taratibu. Nilipomkuta siku moja bombani, giza bado halijatoka, nilimwuliza, "Shoga, mbona siku hizi hatuonani?" Akainamisha uso, akanijibu, "Dada, kile kiwango mlichoandika sina. Nione haya wapi tena?"

Ndugu msomaji, maneno yale yalinichoma, kwani kiwango kile nilikiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilijua kwamba mama huyo ni hodari wa kufuma. Vitambaa vya kroshia vilivyotandikwa juu ya meza na redio yake ni kazi ya mikono yake, aliyojifunza akiwa msichana katika somo la sayansikimu. Nami nilikuwa na masalia ya nyuzi za sweta ndani ya mfuko, rangi moja kidogo, nyingine kidogo, yasiyotosha hata kofia ya mtoto. Nikampelekea. Nilimwambia tu kwamba bibi arusi anahamia chumba cha ghorofani kisicho na kipande cha ardhi, naye amezoea maua ya makopo yaliyojipanga uani kwetu. Mengine aliyaelewa yeye mwenyewe.

Kazi ilimchukua jioni nne. Mkesha wa arusi alipita uani mbele ya watu wote, akabisha hodi kwa jirani yake, akampa ua jekundu lililosimama katika chungu cha rangi ya udongo. Mama mwenye arusi aliligeuzageuza, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mwenzangu, kumbe ulikuwa ukinikimbia kwa ajili ya kadi? Na mimi usiku silali, nikidhani nimekukosea."

Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari leo. Mmoja alijificha kwa kuona haya. Mwingine alidhani amechukiwa. Katikati yao palikuwa na kadi tu. Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo tunaisema kila siku, ilhali kadi zetu tunaziandika kana kwamba hatujapata kuisikia.

Hata hivyo, tusidanganyane. Jirani akiwa hospitali, au amefiwa na hana sanda, usimpelekee ua la uzi. Mpelekee fedha uliyo nayo, hata ikiwa ndogo, au mikono yako ya kupika na kuteka maji. Ua ni la furaha na la kumbukumbu: la bibi arusi, la mwalimu anayestaafu, la mtoto aliyefaulu, la mwenzako wa kazini anayehamishiwa mkoa mwingine.

Kazi yenyewe ina historia isiyo ya kudharauliwa. Neno kroshia limetoka katika lugha ya Kifaransa, nalo maana yake ni kulabu ndogo, kwa sababu sindano yake ina ncha iliyopinda. Njaa kuu ilipoikumba Ireland kuanzia mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani na watu wengi mno wakafa, watawa na wafadhili waliwafundisha wanawake na wasichana maskini kufuma lasi kwa sindano hiyo. Lasi hiyo iliuzwa, na familia nyingi zikapata chakula kwa ujira wake. Lasi ya Ireland ilijulikana hasa kwa maua na majani yaliyofumwa moja moja kisha yakaunganishwa. Kwa hiyo unapofuma ua leo, unashika kazi iliyopata kuwaokoa watu na njaa. Ama ufumaji wa vinyago vilivyojazwa umestawi sana Japani, nao wanauita amigurumi. Kutoka huko umeenea duniani kote, na ua letu la leo ni la ukoo huo.

Liko jambo jingine ambalo msomaji mfanyakazi atalipenda. Sweta na fulana hutoka kiwandani zikiwa zimefumwa na mashine. Lakini kazi halisi ya kroshia, ingawa ziko mashine zinazoiga sura yake, hadi leo hufumwa kwa mkono wa binadamu, kitanzi kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo ukikuta dukani au mnadani kitu cha kroshia kinachouzwa kwa bei ya kutupa, tambua kwamba yuko mtu mahali fulani ambaye saa zake zimelipwa kwa bei ya kutupa vilevile.

Sasa tuingie kazini.

Vifaa. Tafuta sindano ya kroshia yenye unene wa milimita 3, na sindano kubwa ya kushonea yenye tundu pana. Nyuzi za sweta ziwe za rangi nne au tano: rangi ya udongo kwa ajili ya chungu, kahawia iliyoiva kwa ajili ya udongo wa ndani, kijani kwa shina na majani, nyekundu au rangi yoyote uipendayo kwa ua, na njano kwa moyo wake. Masalia yanatosha. Utahitaji pia sufi, kipande cha boksi gumu, vijiwe vichache vilivyooshwa, kitambaa chepesi chakavu, na njiti nne za chelewa kutoka katika ufagio mpya.

Mifumo. Anayejua kufuma airuke sehemu hii. Mnyororo ni kuvuta uzi upite katika kitanzi kilicho kwenye sindano, tena na tena. Mfumo mfupi ni hivi: ingiza sindano katika tundu, vuta uzi upate vitanzi viwili, kisha vuta uzi tena upite katika vyote viwili kwa pamoja. Mfumo mrefu huanza kwa kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza tunduni. Ukivuta uzi utapata vitanzi vitatu. Vuta uzi upite katika viwili, kisha vuta tena upite katika viwili vilivyobaki. Kufunga ni kuvuta uzi kwa mara moja upite katika tundu na katika kitanzi kilicho kwenye sindano.

Chungu. Fuma mnyororo wa vitanzi 2, na katika kile cha pili kutoka kwenye sindano fuma mifumo mifupi 6. Huo ni mzunguko wa kwanza. Usifunge mizunguko, endelea kuzunguka kama konokono, ukiweka uzi wa rangi nyingine mahali mzunguko unapoanza ili usipotewe na hesabu. Mzunguko wa pili, fuma mara mbili katika kila tundu, upate 12. Wa tatu, fuma mara moja katika tundu la kwanza na mara mbili katika linalofuata, hivyo hivyo hadi mwisho, upate 18. Wa nne, ongeza kila baada ya matundu mawili, upate 24. Wa tano, ongeza kila baada ya matundu matatu, upate 30. Hicho ndicho kitako cha chungu.

Juu ya kila mfumo utaona nyuzi mbili zimelala sambamba. Katika mzunguko wa sita ingiza sindano chini ya uzi wa nyuma peke yake, pasipo kuongeza, nacho kitako kitajikunja na ukuta wa chungu utaanza kusimama. Mizunguko ya saba, nane na tisa, fuma 30 kwa namna ya kawaida. Wa kumi, ongeza kila baada ya matundu manne, upate 36, ili chungu kitanuke kuelekea juu. Wa kumi na moja hadi wa kumi na tatu, fuma 36. Mzunguko wa mwisho fuma mifumo mirefu 36, lakini mara hii ingiza sindano chini ya uzi wa mbele peke yake. Funga, kata uzi, kisha ukunje ukingo huo kwa nje. Chungu chako kitakuwa na mdomo wenye upana wa sentimita 6 hivi, yapata kikombe kidogo cha kahawa.

Udongo. Kwa uzi wa kahawia fuma duara bapa kama ulivyofuma kitako, lakini ongeza mzunguko wa sita ili upate 36. Acha mkia mrefu wa uzi wa kushonea.

Ua. Kwa uzi wa njano fuma mizunguko miwili tu, upate 12, kisha ufunge. Shika uzi mwekundu. Katika tundu la kwanza fuma mnyororo 2 na mifumo mirefu 2. Katika tundu la pili fuma mifumo mirefu 2, mnyororo 2, kisha ufunge katika tundu hilo hilo. Hiyo ni petali moja. Vuta uzi ufunge katika tundu linalofuata, na uanze petali nyingine. Matundu 12 yatakupa petali 6. Fuma maua mawili ya namna hiyo. Yaweke mgongo kwa mgongo, ushone kuzunguka moyo wa njano, ukiacha uwazi mdogo wa kutia sufi kidogo na wa kupitishia shina.

Majani. Fuma mnyororo wa vitanzi 9. Ukianzia kitanzi cha pili kutoka kwenye sindano, fuma mifupi 2, mirefu 4, mifupi 2. Ukifika mwisho fuma mnyororo 1, zunguka upande wa pili wa mnyororo ule ule, ufume tena mifupi 2, mirefu 4, mifupi 2, kisha ufunge. Fuma majani mawili.

Shina. Kata njiti nne za chelewa, kila moja sentimita 12, uzifunge pamoja. Ncha zote uzikate butu na kuzivika kitambaa, kisha uzungushe uzi wa kijani kwa kubana hadi njiti zisionekane. Chomeka ncha moja ndani ya ua, uishone imara. Majani uyashone katikati ya shina.

Kujaza. Hapa ndipo wengi huharibu. Sufi ni nyepesi na inateleza. Ukiitia ovyo itachungulia katika kila tundu. Shona kwanza kifuko cha kitambaa chepesi, uijaze sufi humo, ndipo uitie chunguni. Jifunge kitambaa puani unapoichambua, maana vumbi lake linakereketa. Ndani ya chungu tanguliza duara la boksi kitakoni, juu yake vijiwe vilivyofungwa katika kitambaa ili ua lisianguke, kisha sufi yako. Pitisha shina katikati ya duara la udongo, lizame chunguni sentimita 3, ulishone pale linapoingia. Mwisho unganisha udongo na chungu, tundu kwa tundu, 36 kwa 36, ukishona katika zile nyuzi za nyuma zilizobaki ndani ya ukingo. Kabla ya kufunga kabisa, ongeza sufi mpaka chungu kiwe kigumu mkononi.

Tahadhari. Sufi hushika moto upesi mno, kwa hiyo ua hili lisikae karibu na jiko, mshumaa wala koroboi. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isipewe ua lenye njiti wala vijiwe. Kwa mtoto kama huyo fuma shina fupi la bomba lenye mifumo 6 kwa kila mzunguko, ulijaze sufi, na usishone vifungo wala shanga za macho, maana mtoto atazing'oa na kuzimeza. Ua likichafuka usilifue kwa kulikamua, kwani sufi itaganda mabonge. Lipanguse kwa kitambaa chenye povu jepesi, ulianike kivulini penye upepo.

Kwa msomaji wa kiume anayedhani kwamba kazi hii haimhusu, namkumbusha kwamba wavuvi wa mwambao wetu wamesuka na kushona nyavu kwa mikono yao tangu zamani, na hakuna aliyeuliza kama ni kazi ya kike. Kijana anayeweza kuhesabu hadi 36 anaweza kufuma chungu. Na mzee aliyestaafu ambaye jioni humwia ndefu, atapata shughuli yenye manufaa.

Neno la mwisho ni kwa wale watakaosifiwa na kuambiwa, "Na mimi nifumie moja, nitakulipa." Usitoze bei ya uzi peke yake. Hesabu saa zako, kama vile mfanyakazi wa kiwandani anavyohesabu zake. Ikiwa ua limekuchukua jioni nne za saa mbili mbili, hizo ni saa nane, sawa na siku nzima ya kazi. Mwenye kukuambia kwamba ni "kiuzi tu" mwulize yeye siku yake moja huiuza kwa kiasi gani. Zawadi ni zawadi, haina bei. Lakini biashara ni biashara, na mkono wa mfumaji haustahili kudhulumiwa kwa sababu tu anafanya kazi akiwa ameketi nyumbani.

Nami nikurudie katika kisa changu. Arusi ilifana. Mke wa mlinzi alikuwa jikoni tangu alfajiri pamoja na wenzake, na sauti yake ndiyo iliyosikika zaidi kwa vigelegele. Juma lililofuata kamati ilikutana kufunga hesabu. Niliomba ruhusa ya kusema, nikapendekeza kwamba siku nyingine tusiandike kiwango katika kadi za majirani wa nyumba moja, bali tuandike maneno haya: "Utakachojaliwa, nawe mwenyewe ufike." Wawili walipinga, wakidai kwamba watu watategea. Tukabishana hadi usiku. Mwishowe mama mwenye arusi alisema kwamba afadhali mtu ategee mchango kuliko kumtegea jirani yake bombani. Pendekezo likapita.

Bibi arusi alihama na sanduku lake, mkeka wake, na lile ua. Nilimtembelea mwezi uliopita. Liko dirishani, petali moja imelegea kidogo, kwa kuwa fundi wake alikuwa na haraka ya mkesha. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe nikuirekebishie." Akakataa. Alisema mwenye kulifuma ameahidi kuja kuishona mwenyewe, naye anamngoja.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia juma jema la kazi na amani nyumbani.